Waya za Kaka Katika Nyumba ya Makandana

Kaka yangu alirudi nyumbani Makandana Jumatatu mchana akiwa na mkoba wake wa kazi, nikajua yamekwisha. Kiwanda cha chai kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, na watu wengi walipunguzwa. Yeye alikuwa fundi umeme pale tangu ujana. Hakusoma chuo chochote. Alianza kwa kuwabebea mafundi ngazi, akajifunza kwa macho na mikono, mpaka wakawa wanamfuata hata kanisani mashine zikigoma. Siku ya kuondoka walimruhusu kuchukua roli tatu za waya zilizokuwa zimelala stoo.

Nyumba ilikuwa ya marehemu mama, vyumba vinne vya matofali mabichi yaliyopigwa lipu. Tukaamua kuikarabati tupangishe. Muuguzi mmoja wa hospitali alishakuja kuangalia chumba cha mbele.

"Nitahamia siku mtakayowasha umeme," alisema. "Nina mtoto wa shule, nimechoka na koroboi."

Kaka alifanya kazi wiki tatu. Alichonga mifereji ukutani kwa tindo, akapitisha waya, akaziba kwa lipu laini hata usingejua pamepasuliwa. Nikimpelekea ndizi za mchana namkuta anapima swichi kwa shubiri ili zote zilingane, huku anaimba. Sijamsikia akiimba tena.

Tulipoomba kuunganishiwa umeme alikuja mkaguzi, kijana mpole mwenye koti la mvua. Akafungua soketi moja, akaukunja waya kidogo tu, ganda lake likamegeka kama ganda la yai. Akaweka kifaa chake cha kupimia, akatikisa kichwa.

"Mzee, mkono wako ni mzuri," alimwambia kaka. "Lakini waya huu umezeeka, na ukuta una unyevu. Mkiwasha, mtu akiegemea hapa atakufa."

"Waya hizi ndizo zinazoendesha kiwanda kizima."

"Sikatai, mzee. Na leseni yako? Fomu lazima isainiwe na fundi mwenye leseni."

Kaka akanigeukia, kana kwamba karatasi hiyo nilikuwa nimemhifadhia kabatini.

Tukamwita fundi mwenye leseni kutoka Mbeya. Naye akasema zote zitolewe, ziwekwe mpya ndani ya mabomba. Madukani sasa kulikuwa na waya wa kila rangi, wakati zamani ungeweza kumaliza mwaka mzima ukisubiri roli moja. Tulichokosa ni cha kununulia. Niliuza cherehani yangu, kazi pekee niliyokuwa nayo, zikapatikana hela za waya mpya na nguzo ya umeme.

Kaka aliomba azing'oe mwenyewe. Alizivuta moja moja, lipu ikidondoka miguuni pake vipande vipande. Ilikuwa Aprili, na mvua ya kwetu haikutupa hata siku moja ya kukausha. Ukuta wa chumba cha mbele, uliochongwa mara mbili, ulilowa ukaanguka asubuhi moja tukinywa chai. Tulikaa na vikombe mkononi tukiitazama migomba ya jirani kupitia pale palipokuwa na ukuta. Muuguzi hakungoja, akapata chumba mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini kwetu.

Umeme uliingia mwishowe, mita moja kwa vyumba vitatu vilivyobaki, tukapata wapangaji. Ankara ya kwanza wapangaji walichangiana. Ya tatu wakagombana: huyu ana pasi, yule anapikia jiko la umeme akifunga mlango. Wakahama mmoja baada ya mwingine, ankara ikabaki na jina langu. Nikaacha umeme ukatwe.

Kaka alikuwa ameshahamia kijijini, kwenye migomba ya wazazi. Nilipokwenda kumpa habari alisikiliza tu, akaendelea kupalilia. Akaja jirani yake, akamwomba akamtazamie mota ya mashine ya kusaga iliyokataa kuwaka.

"Tafuta fundi," kaka akamwambia. "Mimi sijui mambo hayo."

Jirani alicheka akidhani ni utani. Alipoona kaka hacheki aliaga akaondoka. Kaka alinikatia mkungu mmoja wa ndizi, akanitwisha kichwani, nikashuka nao peke yangu mpaka barabarani, mvua ikinyesha.