Tambarare ya Mwanahawa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka Lukwandu, na Mansuri Hatibu ameinama mbele ya pikapu yake akitazama maji kwenye sinia.

Sinia ni la bati, la kuchambulia mchele. Limewekwa chini, katikati ya magurudumu ya mbele, na maji yamegusa ukingo sawasawa pande zote. Mansuri anaridhika. Anayamwaga maji kwenye mgomba, anatandika gunia, anavua shati na kujilaza chini ya injini.

Leo ni Ijumaa, siku ambayo hashuki na mzigo mjini. Leo anabadilisha oili.

Injini ameshaiungurumisha kwa dakika tano ili oili ilainike. Anafungua nati ya chini, anaiwahi kabla haijaangukia kwenye beseni, na oili inatoka nyeusi tii. Kisha anakaa pembeni na kusubiri. Hana haraka, wala hana wa kuzungumza naye.

Kwa mafundi wa Msamvu, kule mjini, kazi hii ni ya nusu saa, mwenye gari akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi. Mansuri, mwenye umri wa miaka 58, inamchukua asubuhi nzima, na soda hakuna.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na ugumu wenyewe unaonekana mwishoni. Filta mpya ikishafungwa na oili mpya ikishamiminwa, injini inatakiwa iwashwe huku mtu akiwa chini anaangalia kama panavuja. Mansuri anawasha, anaruka nje, anazunguka mbio na kujitupa kwenye gunia. Kama kuna tone lilikuwa la kudondoka, yeye akifika limeshadondoka.

"Zamani nilikuwa na mtu wa kuwasha," anasema akijifuta mikono kwa kipande cha kanga. "Kuendesha alikuwa hajui hata toroli. Lakini nikisema washa, anawasha. Nikisema zima, anazima. Siku hizi nasema washa, halafu nakumbuka ni mimi."

Mtu huyo ni Mwanahawa, mkewe, aliyefariki kwa maradhi ya figo miaka mitatu na miezi mitatu iliyopita. Kwa Mansuri hesabu hiyo ni nyepesi. Hubadilisha oili kila kilomita elfu tano, ambazo kwa safari zake tatu za wiki ni kama miezi minne, na hii ni mara ya kumi anaibadilisha peke yake.

Lukwandu ni kitongoji kilichojibana kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya Mkuyuni. Huku watu hulima ndizi, mananasi na pilipili manga mahali ambapo mgeni angeogopa hata kusimama. Mansuri hubeba ndizi hizo hadi sokoni mjini. Akitoa dizeli na mbebaji, safari moja humwachia kama Sh35,000, na oili ya leo pamoja na filta imekula faida ya safari mbili.

Yeye si wa milimani. Amezaliwa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, ambako baba yake alikuwa dereva wa trekta. Huko ndiko alikofundishwa, akiwa bado anakwenda shule bila viatu, kwamba injini haifi kwa uzee, inafia mikononi mwa mtu mvivu wa kuangalia oili.

Alipanda Lukwandu miaka ishirini na mitano iliyopita akiendesha lori la tajiri mmoja. Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya mikungu yake kando ya barabara. Hakumsalimu. Alimwambia gari lake linakojoa.

"Na kweli lilikuwa linavuja," anakumbuka Mansuri. "Nikashuka nifunge nati. Nati nikafunga, kuondoka nikasahau."

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa binti wa Lukwandu na kukaa huku, amekaa juu ya ardhi ya mkewe, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama yao. Mansuri hakuona tabu. Alijenga vyumba viwili kwenye shamba la Mwanahawa, akanunua pikapu iliyochoka, akaanza kazi yake mwenyewe.

Watoto hawakujaliwa. Wangempata hata mmoja, mtoto yule angekuwa mwenyeji, na baba angekaa kwa mgongo wa mwanawe. Hilo Mansuri hakulifikiria wakati ule, kwa sababu wakati ule alikuwa na Mwanahawa.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la mtu wa tambarare. Alibadilisha oili pikapu ikiwa imeegeshwa kwenye mteremko nje ya nyumba. Kijiti cha kupimia kikaonyesha imejaa, kumbe oili yote ilikuwa imelalia upande mmoja. Alizunguka nayo wiki tatu akijisifu. Siku ya nne ya wiki iliyofuata, akiwa na mikungu themanini nyuma, injini iligonga mara mbili ikanyamaza katikati ya mlima.

Injini nyingine, nayo iliyotumika, iliwagharimu Sh1.8 milioni. Ndizi za mwaka mzima zilikwenda na maji.

"Hakunilaumu," anasema Mansuri. "Aliuliza tu, hili gari lako linataka nini? Nikamwambia linataka mahali palipo sawa. Akasema basi, tulichongee."

Mwanahawa alichagua kipande cha shamba lake nyuma ya nyumba, akang'oa migomba kumi na minne iliyokuwa inazaa, na wote wawili wakashika majembe. Walichimba siku kumi na moja. Hawakuwa na kipimo cha fundi, kwa hiyo Mwanahawa akaleta sinia, akalijaza maji na kuliweka chini. Maji yakikimbilia upande mmoja, walirudi kuchimba.

Ndipo Lukwandu ikapata mahali pake pa kwanza ambapo chungwa linaweza kuwekwa chini likatulia. Majirani walipaita Tambarare ya Mwanahawa, na hata wenye kuudhika kwamba migomba imekatwa walikuja kuanika pilipili zao hapo.

Wengi wao sasa hawaji, isipokuwa siku kama hii. Mchwa wa Lukwandu hawana adabu, wanakula nguzo, milango na fito za paa. Oili chafu ndiyo dawa inayojulikana, na siku Mansuri anapoonekana chini ya gari habari hupanda mlima haraka. Saa tatu asubuhi wameshafika wawili na vidumu vyao. Wanasalimia, wanajaziwa, wanashukuru, wanaondoka.

"Oili ikiwa safi sina jirani," anasema, na anacheka kidogo ili isionekane kama malalamiko.

Lakini kabla majirani hawajafika, kuna oili anayoitenga. Anaichota kwa kikombe cha zamani kisicho na mkono, anachukua brashi, anapanda hatua kama arobaini juu ya tambarare, mahali penye makaburi ya ukoo.

Makaburi hayo hayajengewi saruji. Ndiyo desturi yao. Kila moja lina kibao. Kibao cha kwanza cha Mwanahawa kilidumu miezi saba, Mansuri akakikuta kimeliwa mpaka kwenye jina. Alichonga kingine cha mkaratusi, herufi akaziingiza ndani kwa patasi, akakipaka oili ya gari. Tangu hapo hajaruka hata mara moja. Vibao vya jirani vimeinama na kuvunjika. Cha Mwanahawa kimesimama, cheusi, na jina linasomeka lote.

Hilo hakumwambia mtu. Na hapo ndipo lilipo jambo linalomkosesha usingizi mwaka huu.

Mwezi Januari ukoo ulikaa kikao. Salehe, kijana wa Pili, dada mkubwa wa marehemu, anaoa, na anahitaji mahali pa kujenga. Katika shamba lote alilokuwa akilima Mwanahawa, ni mahali pamoja tu, hapo kwenye tambarare, ambapo mtu anaweza kuinua nyumba bila kupasua mlima. Mansuri ameambiwa apishe na arudi kwao masika ikiisha, yaani mwezi Juni.

Mjomba wa ukoo, Mzee Stambuli, mwenye umri wa miaka 76, halioni jambo hilo kuwa ukatili, na akilieleza ni vigumu kumbishia.

"Hatumfukuzi. Mansuri ni mtu mwema, binti yetu alimpenda," anasema mzee huyo. "Lakini ardhi hii inafuata matumbo ya dada zetu. Yeye naye ana dada zake Dakawa, na kule ana haki kama Salehe alivyo na haki hapa. Wengine huondoka arobaini ikiisha. Yeye tumemwacha miaka mitatu."

Mansuri anakubali kila neno. Anasema mjomba hakusema uongo hata kidogo, na ndiyo maana linamuuma. Mtu akikudhulumu, angalau una wa kumkasirikia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mansuri alipewa jembe, akalishika robo karne, na bado ni mgeni.

Dada yake ameshamsafishia chumba Dakawa. Huko mizigo ya mpunga haikosekani na barabara haitafuni matairi.

"Dakawa unaegesha hata ukifumba macho," anasema. "Kule sinia ni la wali tu."

Kwenye kikao aliomba kitu kimoja: aruhusiwe kupanda Lukwandu kila kilomita elfu tano kubadilisha oili. Watu walicheka. Mzee Stambuli alimuuliza ni dereva gani anayekaa tambarare akatembea zaidi ya kilomita themanini kwenda kutafuta tambarare nyingine. Mansuri alishindwa kusema mbele ya wanaume wenzake kwamba anachokitaka si kumwaga oili, ni kupaka kibao. Ombi likaachwa hivyo hivyo, bila ndiyo wala hapana.

Saa nne, kazi imekwisha na vidumu vimeondoka, Pili anateremka na kopo tupu la rangi lenye mfuniko. Anasalimia, anauliza hali ya mgongo. Mansuri anadhani ni kwa ajili ya nguzo za choo, kama kawaida yake, na anaanza kummiminia.

"Shemeji," Pili anamuuliza, "huwa unaanzia juu au chini?"

Mansuri anauliza anaanzia nini.

"Kile kibao cha mdogo wangu."

Mkono wa Mansuri unasimama. Oili inadondoka nje ya kopo, kwenye udongo, naye haoni. Anajibu kwamba anaanzia chini, kwa sababu mchwa huanzia chini. Pili anauliza ni mara moja au mbili. Anamjibu ni mara mbili, na ile ya kwanza iachwe inywe vizuri kwanza.

Pili anasema alikuwa anajua tangu mwaka juzi. Hakutaka kumwaibisha kikaoni. Anataka Mansuri aende Dakawa na moyo mweupe, kibao atakipaka yeye Pili, na akifa, Salehe atakipaka.

Ni wema mtupu, na Mansuri anaujua. Lakini uso wake ni wa mtu aliyenyang'anywa. Kwa miaka mitatu kazi pekee Lukwandu ambayo hakuna mwingine angeifanya ilikuwa kupaka kile kibao, na sasa imepata mwenyewe. Hakuna tena sababu ya Mansuri Hatibu kupanda mlima huu.

Anatazama kopo. Limefika nusu. Anafunga mfuniko.

"Hii ni ya masika," anamwambia Pili. "Ya baada ya hapo nitaleta mwenyewe."

Pili anamkumbusha, kwa upole, kwamba kufikia hapo nyumba ya Salehe itakuwa imeanza kujengwa na pa kuweka gari hapatakuwepo.

"Nitaliacha barabarani, shemeji. Kupaka hakutaki tambarare."

Pili anaweka kopo kichwani na kupanda, lakini haelekei kwake. Anaelekea juu, kwenye makaburi, na anakaa huko kitambo.

Mansuri anachukua kalamu. Kila akibadilisha oili hujaza kadi, kama zile zinazotolewa na gereji, na kuifunga kwa uzi chini ya boneti. Za zamani anazihifadhi kwenye mfuko wa mlango. Zimeandikwa na Mwanahawa, kwa mwandiko wa mviringo wa mtu aliyeishia darasa la saba na mwandiko mzuri. Hizi tisa za mwisho ni za mkono wa Mansuri, herufi zimelala ovyo.

Anaandika tarehe. Anaandika kilomita: 412,300. Kwenye mstari wa mahali, pale gereji za mjini zinapogonga muhuri, anaandika nyumbani, kama alivyoandika mara zote. Halafu kwenye mstari wa mwisho, ijayo: 417,300. Kwa mwendo wake, namba hiyo itafika katikati ya Juni.

Anaulizwa, wakati huo nyumbani kutakuwa wapi. Anafunga boneti kwanza, anaibonyeza kwa viganja viwili mpaka ishike.

"Oili mpya nitaimimina Dakawa," anasema. "Ile chafu nitapanda nayo huku."