Feri ya Rangi ya Matope

Baba yangu alikataa kufanyiwa operesheni ya macho kwa sababu kompyuta yake ilimthibitishia kwamba hakuna haja.

Daktari alikwisha kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu. Baba akarudi nyumbani Likoni, akachomeka kompyuta yake ya zamani kwenye televisheni, akaitazama feri nyekundu ya mchoro ikikata bahari ya samawati, akasema anaona vizuri. Mimi ndiye ninayekaa naye, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwona akimimina chai nje ya kikombe, lakini mimi si kompyuta. Tena aliniapisha nisimwambie mtani wake, rafiki yake wa tangu ujana, habari za daktari, maana angetukanwa mpaka kaburini.

Mashine ile aliinunua kwa baharia miaka ya themanini, alipokuwa karani bandarini. Rafiki yake, fundi wa kreni aliyetoka bara, akanunua ya kampuni pinzani kwa baharia mwingine, na tangu hapo hakuna aliyepumzika. Sisi Wadigo hatuna utani wa asili na watu wa kwao. Hawa wawili walijitungia wao wenyewe, wakaufuata kuliko wenye asili. Kila mmoja aliandika programu ya kuchora feri ya Likoni ikivuka, ili mashine zipimwe kwa kitu kimoja. Walistaafu kazi ya bandari. Hiyo nyingine hawakustaafu.

Nimekua nikiisikia kesi hii, kwa hiyo naweza kuieleza kwa haki. Ya kwetu ina rangi kali, rangi za nguo za sikukuu, ila kioo chake kimegawanywa vijisanduku, na kila kijisanduku hubeba rangi mbili tu. Feri ikipita mbele ya mnazi, mnazi nao huwa mwekundu mpaka feri iondoke. Halafu haiendi, inarukaruka. Ya mtani wake huweza kuchukua mchoro ukapita juu ya mandhari bila kuuharibu mnazi wala bahari. Feri inateleza, moshi unapanda, mawimbi yanaifuata nyuma. Lakini rangi zake ni kahawia, kijivu, na kahawia nyingine, kama machimbo ya Mwakirunge. Baba huiita feri ya matope. Mtani wake hujibu kwamba afadhali matope kuliko mnazi wenye surua. Ukweli, ambao nyumbani kwetu hausemwi, ni kwamba ya mtani wake ni bora, na ni bora kwa mbali.

Jumamosi moja mtani akabisha hodi, amebeba mashine yake imefungwa kwa leso ya mkewe. Ilikuwa imelala kabatini muda mrefu kwa ugonjwa wa umeme, na sasa ilikuwa imepona.

"Shikamoo, ami," nikamwambia.

"Marahaba. Mwambie babako ajiandae kuaibika."

Baba alikuwa ameketi palepale, ana kwa ana na televisheni. Mtani akaunganisha nyaya, akatia kaseti, na kaseti ikapiga kelele zake kwa kitambo kirefu, sisi tukingoja kwa adabu kama watu walio msikitini. Kisha kelele zikakoma na feri ikaingia kwa upande wa kushoto, kahawia juu ya kijivu, ikateleza.

Baba akasogeza uso mbele. Akaurudisha nyuma.

"Haina kitu," akasema. "Imekufa."

Feri ilikuwa imefika katikati ya kioo.

Baba akainuka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mwaka uanze. Akajitanda taulo kichwani, akaanza kulia kama watani wa kwetu wafanyavyo matangani. Alimlilia marehemu aliyeishi kahawia na kufa kahawia. Akamwigiza marehemu akitembea, akaniita nilete ubani, akauliza nani atarithi kaseti. Nyuma ya mgongo wake feri ilifika ng'ambo, ikageuka, ikaanza kurudi.

Mtani wake aliitazama televisheni. Akamtazama baba, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha macho, na nadhani hapo akajua yote niliyoapishwa nisiyaseme.

"Pole sana, mtani," baba akamaliza, akimpa mkono wa rambirambi.

Akaupokea mkono. "Asante," akasema polepole. "Tumeshapoa."

 Baba akabaki amemshika mkono.

"Mbona hunitukani?" akauliza.

Mtani akaigeukia feri. Miaka yote ile mtu yule hakuwahi kumwacha baba bila tusi, na nilimwonea baba huruma. Baba akavua taulo, akalikunja vizuri, akakaa.

"Ipo?"

"Ipo."

"Wapi?"

"Katikati, mtani. Yarudi huku kwetu."

Baba akanigeukia mimi, kwa kuwa shahidi wa upande wa pili huwa hakubaliki. "Yaenda vipi?"

Nilitamani kusema uongo. "Inateleza, baba. Moshi unapanda vizuri. Ina mawimbi."

"Kuliko yetu?"

"Kuliko yetu."

Akatikisa kichwa, akafikiri. Mashine zote mbili zilikuwa zimeshatoa ushahidi, na ya kwake, kwa rangi zake kali, ndiyo iliyokuwa imemdanganya.

"Kliniki ni lini?"

"Alhamisi."

"Nitakwenda," akasema. Kisha akageuka kumtafuta mtani wake, akakosea kidogo, akaliangalia kabati. "Haya. Sasa nitukane."

Mtani hakuweza kumtukana. Akamshika bega, akamgeuza taratibu kuielekea feri.