Kawa Pembeni mwa Picha

Thuwaiba wa Mabawa hali kitu kabla hajakipiga picha. Mkate wa kumimina ukitoka jikoni, watoto wanaambiwa wangoje. Nguo zikianikwa zikapangika vizuri kambani, picha. Paka akilala ndani ya sinia la mchele, picha kwanza, ndipo afukuzwe. Alipokwenda Mkwaja arusini, masufuria ya pilau yalipigwa picha nyingi kuliko bibi harusi, na wenyewe wakanuna. Lakini msimwonee bure, si majivuno. Ni udadisi tu aliozaliwa nao huko Pemba, na simu ikaja kuuchochea. Picha moja anaweza kuitazama asubuhi nzima, anaivuta kwa vidole viwili, anapekua pembe zake zote, mpaka akwambie jirani yako kabadilisha pazia na wewe hata hujaliona.

Mumewe, Massoud, ni mtu wa maneno machache. Anachuuza kanga na vijora kwa pikipiki, na kila Jumanne huwa Moa, kule karibu na mpaka. Mama yake alikufa yeye angali ananyonya. Akalelewa Wete, mara kwa ami huyu, mara kwa shangazi yule, na katika nyumba zote hizo alikuwa wa mwisho kupewa chakula. Hayo Thuwaiba aliyapata kwa wifi zake, maana Massoud mwenyewe hayasemi. Daktari alipomwambia Massoud kwamba ana kisukari, Thuwaiba akatoa amri: popote atakapokula, aipige sahani picha amtumie, ndipo ale. Massoud alicheka, akatii.

Mwanzoni picha zilikuwa za hotelini, meza ya plastiki, chupa ya pilipili na wali mlima mzima, na Thuwaiba akimgombeza kwa ujumbe wa sauti mpaka koo linamkauka. Kisha picha za Jumanne zikabadilika. Meza ikawa mkeka. Samaki wa kuchemsha, mchicha, na wali kidogo wa kudanganyia tumbo. Hapakuwa na la kugombeza. Ila pembeni kabisa, limekatwa nusu na picha, palikuwa na kawa la ukindu, limesukwa kwa rangi ya kijani na zambarau.

Akalivuta kwa vidole viwili.

Akamwonyesha Anastazia, jirani wanayechangia ua, mtoto wa wakata mkonge, mtu wa kanisani na mtu wa utani. Anastazia akasema yeye anaona kikapu tu kimefunikwa kifudifudi. Kwao bakuli hufunikwa kwa sahani, basi, yameisha. Ikabidi Thuwaiba amweleze. Hotelini hakuna kawa, kwa sababu chakula cha hotelini hakimngoji mtu. Kawa ni la nyumbani. Mwanamke hupakua cha mtu wake kabla ya wote, akakifunika, na hapo hakuna mkono utakaolifunua mpaka mwenyewe arudi.

"Kuna mtu Moa anamwekea mume wangu chakula," alisema.

Anastazia akasema walau huyo mke mwenza mchicha anajua kuupika. Thuwaiba hakucheka.

Tangu siku hiyo akawa anaingoja Jumanne kama mwezi wa Idi. Mara ionekane ncha ya mto wa kuegemea. Mara bakuli la kunawia. Wali ukazidi kupungua na mboga ikazidi kujaa, na hilo ndilo lililomchoma hasa: huyo mtu alijua mpaka kisukari cha mumewe. Hasira alikuwa nayo, wivu alikuwa nao, tusifichane, lakini kubwa kuliko yote alitaka kujua. Akimuuliza Massoud leo umekula wapi, anajibiwa huko huko Moa, na mtu kageuka kufunga mizigo yake. Asiyejua kudanganya hukupa mgongo. Thuwaiba akawa halali vizuri, anaiwaza siku atakayoambiwa hadharani kwamba ana mwenzake, na watoto wake wana ndugu huko Moa.

Mwisho Anastazia alichoka kuonyeshwa picha. Akamwambia nenda ukajionee mwenyewe, watoto niachie mimi.

Basi Jumanne moja akapanda basi la Horohoro, akashuka njia panda, akachukua bodaboda. Njia nzima hakupiga picha hata ya mnazi. Akamuuliza dereva kama anamfahamu Mpemba muuza kanga, na huwa anakula wapi.

"Anakula kwa mama yake," dereva akajibu. "Nani asiyejua?"

Mama yake! Yule aliyezikwa Wete Massoud hajaota meno? Thuwaiba alipiga hesabu zake huko nyuma ya pikipiki. Mama anayepatikana ukubwani ni mama mkwe tu, na penye mama mkwe pana mke. Akalikaza buibui lake kiunoni, tayari kwa lolote.

Alishushwa kwenye nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiwa. Mlangoni palikuwa na kandambili jozi moja, zimelika visigino. Ndani alikuwamo bikizee mmoja mwembamba, macho yana ukungu, kakaa mkekani peke yake, na mbele yake kawa lile lile la kijani na zambarau. Thuwaiba akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa. Macho yake hayakutulia. Yalipita kitandani, kambani, nyuma ya pazia. Hapakuwa na nguo ya mwanamke kijana, wala chupa ya mafuta, wala harufu ya udi. Akakosa pa kuanzia, akaanza kwa shari.

"Mimi ni mke wa Massoud."

Bikizee akageuza uso kuifuata sauti.

"Kumbe ndilo jina lake," akasema. "Hajaniambia hata siku moja."

Kisha akaeleza bila haraka. Yeye anaitwa Bi Tabia. Mwanawe wa pekee, Ahmada, aliondoka kwenda kutafuta maisha na habari zake zikakatika. Kila mchana mama humpakulia, akamfunikia, na asipokuja, chakula humpa jirani. Watu wamesema wee, wamechoka. Siku moja mchuuzi wa kanga akapiga hodi, na kwa macho yake hayo mabovu Bi Tabia akaita, Ahmada! Yule mchuuzi akaitika, naam mama. Akaingia, akafunuliwa kawa, akala, na tangu amwambie ana kisukari, mama humpunguzia wali.

"Nilimjua si yeye pale pale alipomega samaki wa sahani yangu," alisema Bi Tabia. "Ahmada wangu samaki humwasha mwili mzima, hamgusi. Nikataka kumwambia baba, umekosea nyumba. Nikamsikiliza anavyokula. Anameza haraka, kila mtu akipita nje anasita, kama anayeogopa kunyang'anywa. Nikasema moyoni, huyu hajapata kuwekewa chakula. Nikamwambia kula mwanangu, chako hicho."

Thuwaiba aliona haya, haya ya kweli. Sahani za mumewe alizipekua mpaka punje ya wali, na namna mwenyewe anavyokula hakuwahi kuitazama.

"Anadhani nimeamini," bikizee akaendelea. "Anaona ananisitiri. Mwache vivyo hivyo. Akijua kwamba najua, atatahayari, hatarudi tena. Na jina lake usilitaje humu ndani, ulimi usije ukaniteleza."

Pikipiki ikanguruma nje. Massoud akapiga hodi, Bi Tabia akamwita Ahmada, akamwambia ana mgeni. Massoud akaingia, akamwona mkewe, akasimama. Thuwaiba akamkaribisha anawe, chakula kinapoa. Akala, na kweli, kila kandambili ilipopita uwanjani mkono wake ulisita. Thuwaiba akainuka, akaenda akaketi mlangoni kabisa, akaujaza mlango. Massoud akala mpaka akashiba.

Walipoaga, Massoud aliisukuma pikipiki mwendo mrefu bila kuiwasha. Kisha akazungumza, na siku hiyo alizungumza kuliko mwaka mzima. Alisema bikizee alipomwita alitaka kukana, akajikuta ameshaitika. Alisema anajua ni dhambi kula chakula cha mtoto wa mtu. Alisema alijaribu kupitia njia nyingine wiki iliyofuata, akashindwa.

"Usimwambie, Thuwaiba," akasema. "Yule mama amefarijika. Akijua mimi si mwanawe, nitakuwa nimemuua."

Thuwaiba, mwanamke ambaye neno halijapata kulala kwake, na Anastazia yuko uani anamngoja kwa hamu, alimtazama mumewe machozi yakimlengalenga.

"Hajui," akamwambia. "Wala hatajua."