Ukomo Nilioupandisha Baada ya Idi

Kwa miaka mingi nilikana, mwanangu, kwamba ukomo ule wa tahadhari niliupandisha mimi. Nilipoulizwa kikaoni kwa nini kompyuta zilikwama, nilijibu kwamba mitambo imechoka, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, na wakubwa wakaridhika.

Nakumbuka nilivyokuwa siku hizo: fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja hapa Tanga, kijana, kichwa kimevimba. Ndani ya mashine moja kubwa tulikuwa tumeunda seva pepe kadhaa, yaani kompyuta ndani ya kompyuta: ya mapokezi, ya wodi, ya maabara. Zote zilichota kwenye diski zilezile, kama wapangaji wanaogombea bafu moja. Kazi yangu ilikuwa kuweka ukomo: diski zikichelewa kujibu kupita kiasi fulani, simu yangu ilie.

Kiasi hicho nilikipima Ramadhani. Unaijua Tanga, asiye na dharura huahirisha hospitali hadi Idi ipite. Idi ilipopita watu wakafurika, na simu ikawa inalia kutwa. Badala ya kupima upya, niliupandisha ukomo mpaka ikanyamaza. Nikaenda kunywa chai, nimeridhika na akili zangu.

Mama Rehema, mkuu wa maabara, akaja mlangoni.

"Wewe binti, maombi kutoka wodini yanachelewa kufunguka."

"Kwenye skrini yangu kila kitu kijani, mama."

"Basi hicho kijani chako kipike na nazi ule. Mimi nina wagonjwa."

Nilicheka. Wiki ileile aliletwa mama mmoja kutoka Muheza. Alijifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kukoma. Wodi ikatuma ombi la damu kwa kompyuta, likakwama kwenye foleni ya diski. Maabara hawakujua lolote mpaka nesi alipokuja mbio. Damu ilipofika wodini, mama alikuwa amekwisha kufariki. Skrini yangu ilikuwa bado kijani.

Wewe unayeketi leo mbele ya skrini kama ile, nakuusia. Usipime mwezi mmoja ukadhani umeujua mwaka. Pima siku tulivu, pima na siku za msongamano. Weka onyo la mapema, kisha la hatari. Tahadhari ikikukera, tafuta inalilia nini kabla ya kuinyamazisha. Na anayekuja mlangoni kulalamika, mwamini kuliko rangi ya skrini. Mungu akujalie usingizi ambao mimi niliukosa.

Mimi nilinyamaza hadi mwaka huu, aliponipigia mume wa yule mama. Namba alipewa na Mama Rehema.

"Dada, samahani kukusumbua. Binti yangu kakua, ananiuliza mama yake alikuwa anasubiri nini siku ile. Nami sijui nimjibu nini."

Nikamweleza yote, Ramadhani, ukomo na uongo wa kikaoni. Nikamsikia akimwita binti yake.

"Haya," akasema. "Huyu hapa. Mwambie mwenyewe."