Suruali Iliyobaki Kwenye Uji

Jamani, chekeni tu, maana nimeshachekwa kutoka Manyatta hadi Awasi, lakini mkasa wa suruali yangu afadhali niuseme mwenyewe kabla mwingine hajautia chumvi.

Miaka ya themanini nilikuwa kibarua Kisumu, tukichimba mtaro kando ya ziwa, mwembamba lakini wenye kina cha kumeza ghorofa, na kadiri kreni ilivyotoa udongo ndivyo tulivyojaza uji (si wa kunywa, ni unga wa udongo uliokorogwa na maji), nao uji huo ukizisukuma kuta zisiporomoke mpaka zege limwagwe. Kila asubuhi nilizikuta zimesimama na kila asubuhi nilishangaa upya.

Sasa, mama yake Atieno, msichana niliyetaka kumwoa, alikataa kunipa binti, kwa sababu kaka yake mwenyewe alifukiwa akichimba kisima. "Atieno hatakuwa mjane wa shimo," alisema. Nikamwalika aje ajionee uji unavyoshika kuta, na kwa kutaka kuonekana mtu wa maana nikaazima suruali nzuri ya msimamizi wetu (yeye ana tumbo, mimi sina), mshipi nikausahau.

Mama akasimama mbali, leso mabegani. "Maji ishike ukuta? Si maji ndio huangusha ukuta!"

"Mama, wewe tazama tu," nikamwambia, nikapanda ubao uliolazwa juu ya mtaro, kumbe umerowa uji, nikateleza, chubwi!

Niliogopa sana, lakini humo ndani mkono wangu ukagusa ukuta, laini, wima, haujamegeka hata kidogo, na niseme kweli, kwa mshangao nilisahau kwamba nazama. Wenzangu wakanirushia kamba, wakavuta, nikapanda. Suruali haikupanda.

Na kwetu, mama mkwe kukuona hivyo ni aibu isiyo na dawa. "Uwi!" Mama akageuka, akanirushia leso bila kutazama, nikajifunga, nikijua Atieno ndiyo basi tena. Kisha, bado amenipa mgongo, akauliza polepole, "Na ukuta?"

"Imesimama, Mama," msimamizi akajibu.

Mama akasema, "Basi nimeona. Hata yenye sikutaka kuona, nimeona. Mwambieni alete ng'ombe. Leso asirudishe."

Nikaoa. Uji ule naustaajabia hadi leo, ulivyoshika ardhi nzima ya kando ya ziwa ukashindwa kuniachia suruali moja, nami nimeapa kutovaa tena nguo ya kuazima. Lakini Mama haamini viapo: akija kwetu husimama kwanza nje ya mlango, akamuuliza binti yake, "Amefunga mshipi?"