Viti vya Shule ya Pell

Saa moja asubuhi, theluji ikifika magotini, Corinne Thibault anafungua mlango wa shule ya zamani ya mji mdogo wa Pell. Haijapokea mtoto kwa miaka mingi. Anawasha tanuri la kupashia jengo joto ili mabomba ya maji yasigande yakapasuka, kisha anachungulia darasani.

Viti viko chini.

Kila Ijumaa huvipandisha juu ya meza, miguu juu, kama wafanyavyo wahudumu wote wa shule ili wapate kufagia. Jumatatu huvikuta vimeshushwa na kupangwa vikiutazama ubao. Kufuli ni zima, na kwenye theluji hakuna nyayo ila zake.

“Nilidhani ni mume wangu ananitania,” anasema. “Lakini Royce ni mvivu. Hawezi kuikanyaga theluji kwa ajili ya mzaha.”

Bi Corinne ana miaka sitini na mmoja. Siku nyingine zote anahudumu shule kubwa ya pamoja, inayomilikiwa na Pell na miji miwili jirani. Miji hiyo iliungana baada ya kuona kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa bunge la jimbo lina muswada wa kuvunja miungano hiyo, ili kila mji urudishiwe shule yake. Wanaoutetea wanasema kodi itapungua na watoto watasoma karibu na kwao.

Maneno matamu, ila Pell ina mtoto mmoja tu wa umri wa shule. Ni Odette, mjukuu wa Bi Corinne.

Machi hii, kwenye mkutano wa mwaka wa mji, kabla ya watu kupakua maharage na mikate ya tufaha waliyotoka nayo majumbani, Bi Corinne alisimama. Miaka yote kazi yake mkutanoni ilikuwa kupanga ukumbi na kunyamaza.

Mbunge wao, Wendell Prouty, alikuwa amemaliza kuusifu muswada. Alisema jengo la Pell lipo na lina joto, tena Bi Corinne mwenyewe ndiye anayelitunza. Mtoto wa Pell asome Pell, kosa liko wapi?

Katika mkutano ule hakuna kujibizana. Kila neno hupitia kwa mwenyekiti.

“Bwana mwenyekiti,” alisema Bi Corinne, “mwambie mheshimiwa kwamba mtoto ni mmoja. Atacheza na nani? Nilimpeleka siku moja akaone lile darasa tupu. Alikataa kukaa. Aliniambia, ‘Bibi, hapa hakuna nafasi.’”

Baadhi walicheka. Wazee waliosoma Pell hawakucheka, na mmoja wao alivaa koti akatoka bila kula.

Mji ulipiga kura kuupinga muswada, lakini kura ya Pell haimfungi mbunge. Bi Corinne ameomba kwenda makao makuu ya jimbo kutoa ushahidi, na usingizi umempaa. Huko, anasema, atazungumzia basi la shule, walimu na upweke wa mtoto. Mengine hatayataja, wasomi wa huko wasije wakamwona amechanganyikiwa.

Na sheria ikipita? Ataacha kazi ya shule kubwa, akae Pell darasani kutwa nzima.

“Odette hatabaki na hao peke yake.”

Alipoulizwa hao ni akina nani, alivaa glovu zake, moja baada ya nyingine.

“Watoto wa Pell,” akasema.