Salamu za Darasa la Simu

Shangazi yangu hufundisha dini watoto wadogo, wale wa kung'oka meno. Magoti yalipomgomea na ngazi za madrasa zikamshinda, wazazi wakamfungulia kundi la WhatsApp atume masomo kwa sauti. Akaishika simu kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza na salamu. "Ukisalimiwa, itikia. Papo hapo! Kuitikia salamu ni wajibu, hata kwa uliyemnunia."

Watoto walilishika somo kwa meno yote yaliyobaki. Kila mmoja akatoa salamu, kila mmoja akaitikia ya kila mwenzake, na aliyesahau alipofika akaanza upya. Simu zikapiga kelele sokoni, hospitalini, hadi chooni. Kinyozi wa mtaani, baba wa mmoja wao, alicheka hadi mteja akaondoka na sharubu za upande mmoja. Mimi mbavu sina! Shangazi alifurahi hata magoti akayasahau.

Aliyekasirika ni mhasibu, mama wa binti tunayemwita Kibiriti, na ndiye msimamizi wa kundi. Salamu zilikuwa zimemwaibisha kwenye kikao cha wakubwa. Jioni akaja na mwanawe, uso umemvimba.

"Mwalimu, nisamehe. Kundi nalifunga leo."

Shangazi akaishusha simu yake mapajani. Darasa jingine hana. Bila watoto wale, siku yake ni kutazamana na ukuta. Nilimwonea huruma, na yule mhasibu nikatamani kumzaba kibao.

Kibiriti akaichukua simu ya mama yake. "Mama, subiri. Mamdogo katoa salamu tangu asubuhi. Hujaitikia."

Mamdogo huyo ni mdogo wake mhasibu, naye ana mtoto darasa hilohilo. Hawasemeshani tangu harusi ya kaka yao, eti kisa kiti cha mbele!

"Nitamjibu baadaye."

"Mwalimu kasema papo hapo."

Mhasibu akamgeukia shangazi amwokoe. Shangazi, mtundu yule, akatazama dari.

"Wa alaykumu salaam," mhasibu akaifokea simu. Kisha akaishusha sauti. "Hujambo, mdogo wangu?"

Jibu likaja mbio, kilio na kicheko pamoja: "Dada! Uko wapi? Nakuja!"

Mhasibu akakaa chini sakafuni, analia huku anacheka, na sisi tukamfuata. Baadaye shangazi akamuuliza kwa woga, "Sasa mwanangu, kundi unalifunga?"

"Nilifunge? Namba ya mdogo wangu nilishaifuta, mwalimu. Nitampata wapi?"